Kelele Kazini: Desibeli Ngapi, kwa Saa Ngapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale wanayouliza mafundi wa chuma na mbao, wenye mashine za kusaga, wafanyakazi wa viwandani na wasimamizi wao. Pale tunaposema desibeli bila maelezo zaidi, tunamaanisha dBA, yaani kipimo kilichorekebishwa kufuata jinsi sikio la binadamu linavyosikia.

Kiwango salama cha kelele kazini ni kipi?

Tarakimu utakayokutana nayo mara nyingi ni desibeli 85 kwa saa 8. Ndiyo inayopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, na ndiyo iliyomo katika kanuni za mazingira za Tanzania za 2015 kwa viwanda na karakana. Kelele zikipanda kwa desibeli 3, muda unakatwa nusu:

- 85: saa 8
- 88: saa 4
- 91: saa 2
- 94: saa 1
- 97: dakika 30
- 100: dakika 15
- 103: dakika 7 na nusu
- 106: chini ya dakika 4
- 109: chini ya dakika 2

Wengi huishika 85 na kuzisahau saa 8. Anayekaa kwenye 82 kutwa nzima bado yuko ndani ya kiwango. Fundi anayeshika grinda yenye desibeli 103 ameshamaliza siku yake yote kabla chai haijapoa.

Desibeli 3 tu zikate muda nusu? Mbona sikio halioni tofauti?

Hapo ndipo watu wanaponaswa. Desibeli hazihesabiwi kama kilo au mita. Ongezeko la 3 ni nguvu ya sauti iliyozidishwa mara mbili, na ongezeko la 10 ni nguvu mara kumi. Sikio lenyewe halipokei hivyo: 3 zikiongezeka utahisi badiliko dogo tu, na mpaka ziongezeke 10 ndipo utasema kelele zimekuwa maradufu. Kinachoumia ndani ya sikio hufuata nguvu iliyoingia na muda iliyoingia, si jinsi wewe ulivyozihisi. Kwa hiyo usitumie "naona ni sawa tu" kama kipimo.

Basi nikiwa chini ya 85 siwezi kuumia?

Unaweza. 85 ni maafikiano kati ya afya na gharama. Makadirio ya NIOSH ya 1998 yalionyesha kwamba watu wakifanya kazi miaka 40 kwenye 85, takriban asilimia 8 watapata upungufu wa usikivu unaotokana na kazi hiyo. Kwenye 90 wanafika asilimia 25, na kwenye 80 ni kama asilimia 1. Shirika la mazingira la Marekani mwaka 1974 lilitaja wastani wa 70 kwa saa 24 kuwa ndio usiomdhuru karibu mtu yeyote. Ukiubana wastani huo katika zamu ya saa 8 unapata kama 75, mradi saa 16 zilizobaki ziwe za utulivu.

Kwa maoni yetu, mahali pa kazi panaposomeka 83 au 84 pasiandikwe "salama" na kusahauliwa. Mkanda ukilegea au beringi ikianza kulia, desibeli hizo mbili zinapotea ndani ya wiki.

Sheria zinasemaje?

Kenya ina kanuni mahususi za kelele kazini za mwaka 2005. Zinakataza mfanyakazi kupigwa na wastani unaozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika saa 24, na zinakataza mlio wa ghafla unaozidi 140 wakati wowote. Lakini wajibu hauanzii 90. Kelele zikizidi 85, mwenye eneo la kazi anatakiwa awe na mpango wa maandishi wa kudhibiti kelele na kulinda usikivu. Wasimamizi wengi hukariri ile 90 na kuusahau huu mpango, na wakaguzi wanalijua hilo.

Tanzania, mbali na kanuni za mazingira tulizotaja, ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Uganda nayo imeweka 85 kwa saa 8.

Uingereza inatumia ngazi tatu tangu kanuni zake za 2005: kwenye 80 mwajiri anatoa taarifa na kinga kwa anayeitaka, kwenye 85 kuvaa kinga ni lazima, na 87 ni ukomo usiovukwa, ukipimwa pamoja na kinga iliyovaliwa. Marekani kisheria bado iko kwenye 90 kwa saa 8, tena muda unakatwa nusu kila desibeli 5 badala ya 3. Matokeo yake, kwa kelele za desibeli 100 sheria ya Marekani inaruhusu saa 2, wakati hesabu ya NIOSH inaruhusu dakika 15. Ukikuta jedwali kwenye mtandao, angalia kwanza linakata nusu kwa 3 au kwa 5. Tunashauri utumie la 3.

Sina mita ya kelele. Nitajuaje kwamba kelele zimezidi?

Simama mita 2 kutoka kwa mwenzako, umbali wa hatua kubwa mbili. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, hesabu kwamba mko karibu na 85 au zaidi. Ukilazimika kupaza sauti hata akiwa mita 1, mko karibu na 90. Jaribio hili lifanywe na mtu mwenye masikio mazima. Fundi aliyekaa kwenye chuma miaka ishirini atakwambia anasikia vizuri, kumbe anasoma midomo.

Dalili nyingine huja jioni: masikio kuziba kama umetoka kuogelea, mlio wa "nyiii" ukilala, au redio uliyoiacha asubuhi kwa sauti ya kawaida kuonekana ndogo. Hizo zote zinasema siku yako ilizidi kipimo.

Programu ya simu inatosha kupima?

Inatosha kukuambia kama kuna tatizo, haitoshi kwa ripoti ya ukaguzi. NIOSH wana programu ya bure ya kupima kelele, lakini ni ya iPhone tu. Simu za Android hutofautiana sana maikrofoni zake, na nyingi hushindwa kupanda kelele zikiwa kubwa: mashine ina 105, simu inagota kwenye 90 na kitu. Ukiona namba haisogei hata ukikaribia mashine, maikrofoni imefika mwisho.

Ukitumia simu au mita, fanya hivi:

Toa kava linaloziba maikrofoni. Chagua A (yaani dBA) na mwitikio wa polepole. Shika kipimo usawa wa sikio la anayefanya kazi, mahali anaposimama hasa, si katikati ya chumba, na mkono uwe umenyooka mbali na mwili wako. Pima kazi ikiendelea, kwa sababu msumeno unaozunguka bila mbao si ule unaokata mninga. Soma wastani, unaoandikwa Leq, kwa angalau dakika chache zenye mzunguko mzima wa kazi, na usichukue namba ya juu iliyoruka mara moja. Nje, upepo ukipiga maikrofoni utakupa namba za uongo.

Mita halisi ya daraja la 2 la usahihi inatosha kwa karakana nyingi. Kabla na baada ya kupima hukaguliwa kwa kifaa kidogo kinachotoa sauti ya desibeli 94 au 114. Mpimaji akija bila kifaa hicho, muulize amekiacha wapi. Kwa mtu anayezunguka kutwa, kama fundi wa matengenezo, anavishwa kipimo begani, karibu na sikio, akae nacho zamu nzima.

Nashika mashine tofauti kutwa. Nahesabuje?

Kwa kila kazi, gawanya muda ulioutumia kwa muda unaoruhusiwa, kisha jumlisha. Jumla ikizidi 1, yaani asilimia 100, umepita.

Chukua fundi chuma. Grinda ya desibeli 100 kwa dakika 10: 10 kwa 15 ni asilimia 67. Mashine ya kukatia mabomba ya 97 kwa dakika 10: 10 kwa 30 ni asilimia 33. Kugonga na kunyoosha kwenye 88 kwa saa 1: 1 kwa 4 ni asilimia 25. Muda uliobaki anapima, anachora, anapaka rangi kwenye 75, hauingii katika hesabu. Jumla ni asilimia 125, sawa na kukaa kwenye 86 saa 8 mfululizo.

Tazama alichokifanya: dakika 20 za kelele kubwa zimekula asilimia 100 nzima, na saa nzima ya kugonga imekula robo tu. Akipunguza grinda kutoka dakika 10 hadi 5 anashuka hadi kama asilimia 92. Kwa hiyo usianze kuhangaika na kelele za wastani zinazosikika muda mrefu. Tafuta kwanza zile dakika chache zinazotoboa.

Tunafanya zamu ya saa 12. Bado ni 85?

Hapana. Kwa saa 12 kikomo kinashuka hadi 83, na kwa saa 10 ni 84. Zaidi ya hapo, hesabu zote hizi zinadhani sikio litapumzika hadi zamu ijayo. Mlinzi anayelala kwenye kibanda kilichogusana na jenereta, au kijana anayetoka kiwandani kwenda kusimamia spika za baa, hana mapumziko hayo. Masikio hayajui kazi ya mchana na ya usiku zina waajiri tofauti.

Mashine mbili za 90 zinafanya 180?

Zinafanya 93. Nne zinafanya 96, kumi zinafanya 100. Na mashine ya 90 ikiwekwa jirani na ya 80, jumla ni kama 90.4, yaani ile ndogo haionekani kabisa.

Funzo la pesa liko hapo. Ukiwa na mashine moja ya 100 na tatu za 88, kutumia fedha kuzituliza zile tatu ni kuzitupa. Ishughulikie ile ya 100, halafu upime upya.

Mashine yetu ya kusaga inatutoa roho. Tuanzie wapi?

Mashine ya nyundo, ile ya mtaani inayosaga sembe na dona, mara nyingi hupita 90 pale anaposimama mwendeshaji, na baadhi hupita 100. Kelele zake si moja. Kuna injini na eksozi yake, kuna nyundo zinazopiga upepo na punje, kuna bati la mwili na la mdomo wa kumwagia mahindi linalotetemeka, na kuna beringi na mkanda. Zizime kwa akili: washa injini peke yake bila mkanda, pima, kisha funga mkanda, pima tena. Injini peke yake ikisoma karibu sawa na mashine nzima, adui yako ni eksozi.

Kama ni dizeli, weka sailensa nzima na upeleke bomba nje, juu ya paa, mbali na foleni ya wateja. Bomba liwe na kipenyo kikubwa kidogo kuliko tundu la eksozi, bila kona nyingi, la sivyo injini itabanwa pumzi na kuchemka. Usikubali kamwe injini ya dizeli ifungiwe ndani ili kuzuia kelele: moshi wenye kaboni monoksidi utawamaliza watu kabla ya kelele. Kilicho bora ni kuihamishia kwenye kibanda chake nyuma ya ukuta na kupitisha mkanda kwenye mwanya mwembamba. Penye umeme wa uhakika, mota hufuta kelele zote za injini.

Nyundo ndizo zinazopuuzwa. Zikilika upande mmoja, au fundi akibadilisha mbili tu na kuziacha za zamani, rota inapoteza uwiano, mashine inatikisika, na mtikisiko huo unafanya bati lote liimbe. Badilisha seti nzima. Zipime kwa mizani ndogo ya duka, na nyundo zinazokabiliana kwenye safu za upande wa pili ziwe na uzito sawa. Kaza boliti za msingi. Chini ya fremu weka vipande vinene vya mpira, hata vya tairi la lori, lakini hakikisha mashine haiyumbi hadi mkanda uruke. Mdomo wa kumwagia mahindi ubandike mpira kwa ndani: punje zinazoanguka kwenye bati tupu hupiga kama mvua ya mawe.

Usibandike sponji wala magodoro ukutani. Unga hujaa humo, na vumbi la unga huwaka. Na zile trei za mayai zinazopendwa studio hazizuii sauti kupita. Hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, basi.

Ukijenga ukuta kati ya mashine na watu, ziba matundu. Ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kukata zaidi ya desibeli 20, hata uwe wa zege. Dirisha lililoachwa wazi kwa hewa hula karibu kazi yote ya fundi mwashi. Hewa ipitishwe kwenye njia yenye kona, isiwe tundu la moja kwa moja.

Halafu kuna dawa isiyo na gharama: mwendeshaji asisimame pale muda wote. Akishamwaga debe, asogee. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali maradufu kelele hushuka kama desibeli 6. Ndani ya chumba cha bati hushuka kidogo kuliko hapo kwa sababu ya mwangwi, lakini hata 3 ni nusu ya dozi.

Na kwa kazi za chuma?

Bomba la mraba linapokatwa kwa grinda hulia kama kengele, na sehemu kubwa ya kelele hutoka kwenye bomba, si kwenye grinda. Libane kwenye jiliwa karibu kabisa na mahali pa kukata, kisha uulaze mfuko wa mchanga au gunia lililoloweshwa juu ya upande mrefu uliobaki. Utasikia tofauti papo hapo. Gunia likae mbali na njia ya diski, na kama chombo ni cha umeme, maji yasikaribie waya.

Bati linyooshwe juu ya ubao au mpira mzito, si juu ya chuma kitupu. Diski iliyochakaa au isiyokaa sawa huongeza kelele na mtetemo. Hewa ya kompresa ya kupulizia vumbi ishushwe hadi kama bar 2, maana kelele za hewa hupanda kwa kasi kubwa sana kadiri hewa inavyotoka kwa nguvu. Mivujo ya mipira ya hewa irekebishwe. Unalipia umeme wa kelele.

Pakiti ya vizibo imeandikwa NRR 33. Nikiwa kwenye 100, sikio linapata 67?

Laiti. NRR, yaani namba ya desibeli ambazo kinga inasemekana kukata, hupatikana maabara, vikivalishwa watu walioelekezwa vizuri. Kwa kazi halisi, kama umepima kwa dBA, hesabu inayotumika Marekani ni kutoa 7 halafu kugawa kwa mbili: 33 kutoa 7 ni 26, nusu yake 13. Kwa hiyo kwenye 100 sikio linabaki na kama 87. Bado ni zaidi ya 85.

Vifaa vya Ulaya huandikwa SNR badala ya NRR. Hiyo hutumiwa na kipimo cha C (dBC, chaguo jingine kwenye mita lisilopunguza sana sauti nzito), si cha A: chukua kipimo cha C, toa SNR, ongeza 4 kwa ajili ya uvaaji usio kamili. C ikiwa 102 na SNR 32, sikio linapata kama 74.

Lenga sikio lipate kati ya 70 na 80. Usinunue tu kinga yenye namba kubwa kuliko zote: ikishuka chini ya 70, mtu hasikii honi ya foklifti wala mwenzake anayeita, na atavitoa ili asikie. Kuvaa vizibo na vifunika masikio pamoja hakujumlishi namba mbili. Huongeza kama desibeli 5 tu juu ya ile kubwa.

Vizibo vya sponji vinavaliwaje?

Nawa mikono kwanza. Grisi ikiingia sikioni huleta maambukizi. Kisokote kizibo kwa vidole kiwe chembamba kama njiti, bila mkunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika sikio kwa juu, livute juu na nyuma ili tundu linyooke. Ingiza upesi, shikilia kwa kidole hadi kitanuke: sekunde 20 hadi 30, hesabu kabisa. Wengi huachia kwenye sekunde ya tano, kizibo kinatanukia mlangoni na kubaki pambo.

Kisha jipime. Mashine ikiwa inanguruma, funika masikio yote mawili kwa viganja vilivyokaza, kisha ondoa, kisha funika tena. Kelele zikipungua sana ukifunika, kizibo hakijaziba: kitoe, anza upya. Mtu anayekutazama kutoka mbele asikione kizibo kikiwa kimechomoza kama kizibo cha chupa.

Nikivitoa kidogo tu ili nizungumze?

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kinga inayokata desibeli 30, ukiivaa saa 7 kati ya 8, kwa siku nzima imekupa 9 tu. Ukiivaa saa 4 kati ya 8 imekupa 3. Kinga dhaifu inayovaliwa muda wote huishinda kinga ghali inayoning'inia shingoni. Ukitaka kuzungumza, ondoka kwenye kelele kwanza, ndipo uvitoe.

Pamba? Spika za masikioni zenye muziki?

Pamba haizuii kitu cha maana. Spika za simu si kinga hata kama zimeandikwa zinafuta kelele, isipokuwa kama zimepimwa na kuandikwa NRR au SNR. Muziki wa kushindana na mashine huongeza dozi juu ya dozi.

Navaa ushungi, miwani, au nimesuka. Vifunika masikio vitakaa?

Kifunika masikio hufanya kazi kwa mto wake kubana ngozi pande zote. Kitambaa, nywele nene, kofia au mkono mnene wa miwani ukipita chini yake, sauti inaingia hapo. Kwa mwenye ushungi, vizibo vya ndani vya sikio ndivyo vinavyofaa. Huvaliwa kabla ya kujifunga. Kwa miwani, tafuta yenye mikono myembamba. Mito ya vifunika ikikakamaa au kupasuka kwa jasho, ibadilishwe, haishonwi.

Mjamzito anaweza kufanya kazi kwenye kelele?

Kinga ya masikio humlinda mama, si mtoto: sauti, hasa nzito, hupita tumboni. NIOSH hushauri mjamzito aepuke kabisa sehemu zinazozidi 115, hata akiwa amevaa kinga, na asiegemee wala kukaa juu ya kitu kinachotetema. Kwetu tungempeleka idara tulivu mapema, bila kusubiri tumbo lionekane.

Ni kweli thinner na dawa zinaharibu masikio?

Ni kweli. Toluini iliyo katika thinner nyingi, staireni ya wanaofanya kazi za faiba, madini ya risasi na kaboni monoksidi vinaweza kudhuru usikivu, na vikichanganyika na kelele madhara huongezeka. Mpaka rangi anayefanya kazi pembeni ya kompresa yuko kwenye hali hiyo. Kwa upande wa dawa, sindano za jamii ya gentamisini, streptomaisini na kanamaisini zinajulikana kwa hilo. Ukiwa kwenye matibabu hayo, mwambie daktari unafanya kazi kwenye kelele.

Nimezoea. Siku hizi hazinisumbui.

Sikio halizoei. Ndani yake kuna seli zenye vinyweleo, kama elfu kumi na tano kwa kila sikio, zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa neva. Zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kwa kawaida ni za sauti nyembamba, karibu na hezi 4000 (hezi ni kipimo cha wembamba au uzito wa sauti). Ndiyo maana mtu huanza kwa kusikia kwamba unaongea bila kujua umesema nini: "s", "f" na "th" zinapotea, vokali zinabaki. Anawalaumu wengine kwamba wananong'ona. Anaposema kelele hazimsumbui, mara nyingi anaeleza kilichokwisha kupotea.

Kipimo cha usikivu kinafanywaje, na lini?

Unakaa kwenye kibanda kimya, unavishwa spika za masikioni, unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio, kuanzia hezi 500 hadi 8000, sikio moja moja. Cha kwanza kifanywe unapoajiriwa, kabla hujaanza kwenye kelele, kisha kila mwaka. Kabla ya kile cha kwanza, kaa saa 14 mbali na kelele. Ukipimwa umetoka zamu ya usiku, uchovu wa muda wa sikio utaandikwa kama hali yako ya kudumu, na miaka inayofuata utaonekana "umepata nafuu". Usikivu ukishuka kwa wastani wa desibeli 10 kwenye hezi 2000, 3000 na 4000, hiyo ni taa nyekundu: kagua kinga ya mtu huyo na mashine yake. Kumhamisha yeye na kumweka mwingine palepale hakutatui kitu.

Nikishapoteza usikivu, kuna fidia?

Upotevu wa usikivu kutokana na kelele umo kwenye orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani ya 2010. Kenya madai hufuata sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, inayojulikana kwa kifupi WIBA. Tanzania hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ugumu uko kwenye ushahidi. Upotevu wa kelele kwa kawaida huwa wa masikio yote mawili, wenye bonde karibu na hezi 4000, na ukiondoka kwenye kelele hauendelei kushuka kwa sababu hiyo. Uzee nao hushusha usikivu, kwa hiyo bila kipimo cha siku ya kuajiriwa utabishana miaka. Omba nakala ya kila kipimo, iweke nyumbani, na pembeni yake andika tarehe, mashine uliyokuwa ukiendesha na saa ulizokaa nayo.